Taipureta Isiyochapa na Gari la Waya Linalokata Kona

Mwaka 2021 kampuni ya LEGO ya Denmark iliingiza sokoni taipureta iliyojengwa kwa matofali ya plastiki. Ina vipande 2,079 na sura yake ni ya zile taipureta za ofisini za katikati ya karne iliyopita. Ukibonyeza kitufe, kijiti cha katikati kinainuka na kibebea karatasi kinasogea hatua moja. Karatasi halisi inaingia vizuri. Kasoro ni moja tu: haichapi. Vitufe vyote vinainua kijiti kilekile, na kijiti hicho hakiachi herufi. Ilipotoka iliuzwa Marekani kwa karibu dola 200, zaidi ya shilingi laki nne kwa thamani ya wakati ule, na watoto hawakuwa wanunuzi waliolengwa. Tangu 2020 kampuni hiyo huandika 18+ kwenye maboksi ya aina hii, kwa sababu imejua kwamba mtu mzima hulipa vizuri zaidi ya mtoto pale anapouziwa ujana wake mwenyewe. Mwaka 2023 ikafuata mashine ya mchezo wa Pac-Man, vipande 2,651, yenye mpini pembeni. Ukiuzungusha, vijitu vya mchezo huo wa miaka ya 1980 vinaanza kukimbizana kwenye njia zao. Kwa hiyo kinachouzwa ni kumbukumbu yenye mpini, na biashara inakwenda.

Weka kando yake gari la waya, lile ambalo watoto wa Kanda ya Ziwa, kuanzia mitaa ya Kambarage mjini Shinyanga hadi Kahama na Geita, wamelitengeneza kizazi baada ya kizazi bila kununua kitu. Anayeliendesha husimama wima. Usukani anaoushika umeunganishwa na waya mrefu unaopita juu ya kichwa cha gari na kushuka mpaka kwenye ekseli ya mbele. Akizungusha usukani, ekseli inageuka na gari linakata kona. Magurudumu ni vifuniko vya makopo ya dawa ya viatu, au soli za kandambili zilizokatwa mviringo. Maungio hayachomelewi, hukazwa kwa waya mwembamba, au kwa utepe wa mpira uliochanwa kwenye tyubu ya baiskeli. Bodi inaweza kuwa debe la mafuta ya kula lililofumuliwa na kunyooshwa kwa jiwe. Hakuna kipande kinachojifanya hapo. Usukani usipofanya kazi, gari haliendi linakotakiwa, na mwenzake wa mtaa wa pili atamcheka aliyelitengeneza.

Hoja yangu inaanzia kwenye tofauti hiyo. Kitu cha kukumbukia mashine kinakuwa na uzito pale kinapofanya, kwa kipimo kidogo, kazi ileile iliyofanywa na mashine yenyewe. Picha inakuonyesha sura ya kitu. Mfano unaofanya kazi unaulazimisha mkono kujifunza upya kile ambacho mikono ya wazee ilikijua. Mikoa ya Shinyanga na Geita imepoteza, au iko njiani kupoteza, mashine nyingi zilizowaumba watu wake: mizani ya pamba, jineri (mashine ya kuchambua pamba), winchi ya mkono juu ya duara, yaani shimo la dhahabu, mabasi ya kampuni ya KAMATA, treni ya reli ya zamani iliyofika Mwanza mwaka 1928. Ufundi wa kuzihifadhi upo mtaani. Hatujauona kwa sababu tumeuita mchezo wa watoto wasio na pesa.

Kwanza tuangalie kama ufundi huo ni ufundi kweli. Ekseli inayogeuka nzima ni utaratibu wa mkokoteni. Unafanya kazi, lakini una udhaifu ambao kila aliyewahi kusukuma gari la waya kwa kasi anaujua: kona ikiwa kali, gari linalala ubavu. Na ukiyapa magurudumu maegemeo mawili badala ya ekseli nzima, linazuka jingine: gurudumu la ndani ya kona huzunguka njia fupi kuliko la nje, hivyo magurudumu yote mawili yakigeuka kwa pembe moja, lazima moja liburuzwe. Jibu la matatizo hayo lilisajiliwa London mwaka 1818 kwa jina la Rudolph Ackermann, aliyekuwa akimwakilisha mtengeneza magari ya farasi wa Munich aitwaye Georg Lankensperger: kila gurudumu lipewe egemeo lake, kisha yaunganishwe kwa fito, ili la ndani ligeuke zaidi ya la nje. Magari yetu ya leo bado yanafuata wazo hilo. Mtoto anayechoka kuona lori lake likilala, akaikata ekseli na kuyapa magurudumu maegemeo mawili yenye fito katikati, amekutana na tatizo lilelile ana kwa ana, akiwa na plaizi na meno yake. Hajui jina la Ackermann wala halihitaji. Ila mwalimu wake wa fizikia angelihitaji, na angeokoa vipindi viwili vya ubaoni kama angeomba yale magari yaletwe darasani.

Kuna atakayesema: gari sawa, lakini seti zile za Wadenmark zina watu pia, vile vijitu vyenye mikono na miguu inayocheza vilivyoanza kutolewa mwaka 1978, na hao ndio wanaobeba kumbukumbu. Sisi vijitu tumevitoa wapi? Tunavyo, na vina historia ndefu kuliko plastiki. Mbali na ng'ombe wa udongo waliofinyangwa na watoto wachungaji, ambao mtu angeweza kusoma nundu na pembe zao akajua ni ng'ombe wa wapi, Usukuma una sanamu za mbao za ngoma. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, vinavyokumbukwa kwa waganga wawili waasisi, Ngika na Gumha, hushindana baada ya mavuno, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Shindano la namna hiyo halitoshelezwi na sauti nzuri. Kila upande hutafuta dawa, vituko na mbinu, na miongoni mwa mbinu hizo zimekuwa sanamu zenye viungo vinavyocheza, zilizoinua mkono au kutikisa mwili mbele ya umati usiotarajia. Fundi aliyechonga sanamu hiyo alikuwa akitatua swali la kimakanika: kiungo kizunguke wapi, kivutwe kutoka wapi, na kirudi vipi mahali pake. Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, pale Kisesa, yaliyotokana na kazi aliyoianza Padri David Clement katika miaka ya 1950, yameipa ngoma na vifaa vyake heshima hiyo. Gari la waya halijapata mlezi wa aina ya Clement.

Sasa tuje kwenye mashine zenyewe, na mimi ningeanza na mizani. Asiyetoka kwenye pamba anaweza kudhani ni kifaa cha kuchosha, kisicho na magurudumu wala moshi. Lakini siasa ya Kanda ya Ziwa ilizaliwa juu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa walikuwa na malalamiko mazito kwamba wanunuzi waliwapunja kwenye upimaji, wakaanza kuweka watu wao wa kukagua mizani. Kutokana na vuguvugu hilo Paul Bomani na wenzake walijenga chama cha wakulima, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria, ambao baadaye ulihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Bomani alikuja kuwa waziri wa fedha wa nchi huru. Yote hayo yanaweza kuandikwa kwenye bango la makumbusho kwa mistari sita, na msomaji akapita akiangalia saa.

Mpe msomaji huyohuyo mizani ndogo ya waya yenye mikono miwili, kila mkono sentimita 10, na egemeo linaloweza kuhamishwa kutoka tundu moja hadi jingine. Egemeo likiwa katikati, kilo moja inapima kilo moja. Lihamishe sentimita moja tu kuelekea upande wa pamba: mkono wa pamba sasa ni sentimita 9, wa mawe ya kupimia ni 11, na mzigo wa kilo 11 unatulia sawasawa na mawe ya kilo 9. Kilo mbili zimeyeyuka, na macho hayakuona kitu. Kwa kila kilo 100 mkulima analipwa chini ya 82. Hapo kijana wa leo anaelewa kwa nini babu yake alikuwa tayari kutembea siku nzima kwenda mkutanoni. Simaanishi kwamba kila mizani ya zamani ilichezewa kwa mbinu hii. Zilikuwapo nyingine, na rahisi kuliko zote ni kidole cha mpimaji. Ninachosema ni kwamba mfano unaofanya kazi unaonyesha wizi wenyewe ukitendeka, na bango haliwezi.

Jineri ni rahisi zaidi kuliko inavyoonekana. Kabla ya mashine ya Mmarekani Eli Whitney ya mwaka 1793, India ilikuwa imechambua pamba kwa karne nyingi kwa magogo mawili membamba yanayozunguka yakikabana: nyuzi zinapita, mbegu inakwama nyuma kwa kuwa haienei kwenye upenyo. Magogo hayo yakiwa na unene wa kidole na mpini wa waya, yanachambua kweli pamba ya Kishapu, chembe kwa chembe, juu ya meza. Ndiyo maana nasema taipureta ya Denmark, pamoja na uzuri wake wote, imeshindwa na kitu ambacho fundi wa Shinyanga angekitengeneza kwa siku mbili. Nyuzi zinatoka upande mmoja, mbegu zinabaki upande mwingine, na mtoto anazihesabu.

Dhahabu ndiyo yenye utata. Winchi ya mkono ya mchimbaji mdogo ni gogo lililolazwa juu ya nguzo mbili zenye panda, lina mpini, kamba na ndoo au kiroba kinachoshuka ndani ya duara. Mpini ukiwa na urefu mara nne ya nusu kipenyo cha gogo, nguvu ya anayezungusha inaongezeka mara nne, ukiacha msuguano. Hesabu hiyo ndiyo iliyopandisha mawe ya Geita na Kahama kabla ya mashine kubwa, na mahali pengi inaendelea kuyapandisha mpaka leo, kando kabisa ya mgodi mkubwa wa Geita uliofunguliwa mwaka 2000. Ni mfano mzuri wa kutengeneza, na unavutia kuutazama ukifanya kazi. Lakini msomaji makini atauliza: tunataka mtoto achezee kifo? Ni swali la haki. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti juu ya watoto wanaofanya kazi kwenye machimbo madogo ya dhahabu nchini, zikiwemo sehemu za Geita na Kahama, wakishuka mashimoni na kushika zebaki kwa mikono. Mwaka 2015, huko Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji waliofukiwa na kifusi walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Mwenzao mmoja hakutoka. Kugeuza mambo hayo kuwa pambo la mezani ni kukosa adabu.

Ni kukosa adabu iwapo mfano utaficha. Seti nyingi za ukumbusho duniani zina dhambi hiyo: zinachukua mashine na kuacha jasho, zinachukua treni na kuwaacha waliotandika reli. Dawa yake iko kwenye ukweli wa mfano. Winchi ndogo iwe na duara lenye ukuta unaoweza kutolewa, ili ionekane kwamba bila magogo ya kukinga, kokoto zilizomiminwa pembeni zinaporomoka na kuziba njia. Kijitu cha juu kiwe na kamba, na cha chini kiwe na taa. Mtoto aliyeziba duara kwa kokoto na kushindwa kukitoa kijitu chake amejifunza kuhusu magogo ya kukinga kitu ambacho tangazo la usalama halitamfundisha. Hata hivyo nakubali sehemu ya pingamizi hili: mfano wa winchi ningeuacha kwa watu wazima, na hapo ile 18+ ya Wadenmark ingekuwa na maana ya kweli zaidi kuliko wanavyoitumia wao.

Lipo pingamizi jingine linalorudiwa sana mijini: kulisifu gari la waya ni kuupamba umaskini. Mtoto alitumia waya kwa sababu hakuwa na gari la dukani. Mpe pesa, atanunua la Kichina lenye taa, au simu. Ni kweli, na sioni sababu ya kubishana na mtoto huyo. Ila tuangalie upande wa pili wa Denmark. Ole Kirk Kristiansen alikuwa seremala wa kijijini Billund. Mwaka 1932, katika mdororo mkubwa wa uchumi, kazi za ujenzi zilikauka, akaanza kutengeneza vitu vidogo vya mbao, ngazi, mbao za kupigia pasi, na vitu vya kuchezea watoto. Jina la LEGO lilikuja 1934, likitokana na maneno ya Kidenmark yenye maana ya kucheza vizuri. Umaskini ulikuwapo mwanzoni pia kwake. Kilichomtofautisha na fundi wa Kambarage ni kwamba kitu chake kilipewa jina, kikachorwa, kikaboreshwa, na tarehe 28 Januari 1958 namna ya matofali kushikana ikaombewa hataza. Waya wetu haujawahi hata kupewa ukurasa mmoja wa daftari.

Pingamizi ninaloliogopa zaidi linatoka kwa watu wanaojua biashara. Watasema tofali la plastiki lina kipimo. Tofali la 1958 linashikana na la leo. Matofali sita ya vitufe vinane, ya rangi moja, yanaweza kuunganishwa kwa namna 915,103,765. Waya hauna vitufe. Kila gari ni la pekee, na kitu cha pekee hakiwezi kuwekwa kwenye boksi, kupewa namba na kukusanywa. Pingamizi hili lina nguvu, lakini linasahau mambo mawili. La kwanza, seti za kukusanya zenyewe zimeshaitupa ile hesabu ya mamilioni. Mwenye taipureta ya vipande 2,079 anafuata kijitabu ukurasa kwa ukurasa na kufika mahali pamoja tu. Anachonunua ni maelekezo, na uhuru wa tofali umebaki kwenye masanduku ya watoto. La pili, kipimo cha waya kinapatikana kwa kifaa cha bei ya chini: ubao wenye misumari. Ukipigilia misumari kwenye ubao kwa mchoro uliokwisha kupimwa na kuuzungushia waya, kipande cha mia kitafanana na cha kwanza. Usukani uliopindwa Katoro utaingia kwenye ekseli iliyopindwa Kishapu.

Basi kinachokosekana ni kijitabu. Gari la waya limefundishwa na kaka mkubwa kwa mdogo wake, bila maandishi, na kaka mkubwa akiacha, mnyororo unakatika. Wengine wamelishughulikia zaidi yetu. Malawi wanaliita galimoto, na mwandishi Mmarekani Karen Lynn Williams alilitungia kitabu cha watoto kwa jina hilohilo mwaka 1990. Zimbabwe na Afrika Kusini wamefanya waya kuwa sanaa ya kuuzwa barabarani kwa watalii, ingawa hapo mara nyingi usukani umekufa, na kimebaki pambo. Afadhali sisi tusifike huko. Gari la waya lisilokata kona linarudi kuwa taipureta isiyochapa.

Mahali pa kulianzia papo. Tangu 2024 baadhi ya shule za sekondari zina mkondo wa amali, ambao unadai kazi ya mikono inayoonekana, na walimu wengi wanatafuta miradi isiyohitaji karakana ya mamilioni. Shirika la SIDO lina ofisi Shinyanga na kazi yake tangu 1973 ni viwanda vidogo. Shirika la maendeleo la BRAC lilipoanzisha vituo vyake vya michezo ya watoto Tanzania na Uganda, kwa fedha za mfuko wa LEGO wenyewe, vifaa vingi vya kuchezea vilitengenezwa kwa vitu vya bei nafuu vinavyopatikana hapohapo; yaani wenye matofali walikubali kulipia visivyo matofali. Wanunuzi nao wapo: Wasukuma walioko Dar es Salaam, Oman na London, watu ambao wazazi wao waliuza pamba kwenye chama cha msingi, na ambao leo wana meza nzuri isiyo na kitu cha nyumbani juu yake.

Kwenye seti ya kwanza nisingeweka basi wala winchi. Ningeweka mizani, vipande visivyozidi 60, kifuko kidogo cha pamba mbichi ya Kishapu, mawe ya kupimia ya risasi, na vijitu vitatu vya mbao vyenye viungo vinavyocheza: mama mwenye mzigo kichwani, karani mwenye penseli sikioni, na mkaguzi wa wakulima aliyeinama kutazama egemeo. Pembeni isimame baiskeli ya waya, mfano wa ile ya kubeba abiria ambayo Shinyanga huiita daladala. Ukurasa wa kwanza wa kijitabu ungesema msumari upitishwe kwenye tundu la katikati na pamba ipimwe. Ukurasa wa pili ungesema msumari uhamishiwe tundu la pembeni, upande wa pamba, kisha pamba ileile ipimwe tena.